Siku ya Wapagazi wa Mitumbwi: mwongozo kwa klabu za historia za Nyanda za Juu Kusini

Mwanafunzi wa Mbeya au Iringa akisikia neno mpagazi, picha inamjia mara moja: msafara wa Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, Mnyamwezi na mzigo wake wa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Kabla misafara ile haijapamba moto, upande wa pili wa dunia kulikuwa na wapagazi wengine. Walikuwa Wafaransa wa Kanada, wengi wao vijana wa wakulima wa vijiji vya kandokando ya Montreal, na kwa Kifaransa waliitwa voyageurs, yaani wasafiri. Walipakia blanketi, masufuria, bunduki, shanga na tumbaku kwenye mitumbwi ya magome, wakapiga kasia kwa wiki nyingi hadi bara, wakarudi na manyoya ya biva, mnyama wa mtoni ambaye sufu yake ilitengenezewa kofia za Ulaya. Biashara hiyo ilifika kilele kati ya miaka ya 1780 na 1821, mwaka ambao kampuni mbili zilizokuwa zikigombana, North West Company na Hudson's Bay Company, ziliunganishwa.

Maisha yao hayaeleweki kwa kusomewa ubaoni. Yanaeleweka kwa kubeba, kupika na kupiga kasia, maana usingizi wao, chakula chao, nyimbo zao na hata maradhi yao vyote viliamuliwa na kitu kimoja: uzito wa mzigo. Mwongozo huu ni wa mwalimu mlezi au kiongozi wa skauti mwenye wanafunzi 24, siku moja, na wiki moja ya maandalizi. Wagawe katika mitumbwi mitatu ya watu wanane wanane.

Mzigo

Bidhaa zote zilifungwa kwa uzito mmoja, ratili 90, sawa na kilo 41. Debe la mahindi ni kama kilo 18, kwa hiyo mwambie mwanafunzi afikirie madebe mawili na kilo tano juu yake. Huo ni mzigo mmoja. Mpagazi alibeba miwili kwa mpigo, na wenye sifa walibeba zaidi.

Tengeneza mzigo mmoja wa kilo 41 kamili kwa ajili ya maonyesho. Tumia gunia la katani, jaza mahindi, kaza liwe kama mto mgumu wenye urefu wa sentimita 60 hivi, shona mdomo. Pima kwenye mizani ya dukani, usikadirie. Mzigo huu haubebwi na mwanafunzi yeyote. Wawili wawili wanaushika na kuuinua sentimita chache kutoka chini, wakipiga magoti na migongo ikiwa imenyooka, kisha wanaushusha. Inatosha kabisa kuwanyamazisha.

Mizigo ya kubeba iwe 16 kwa kila mtumbwi, kila mmoja kilo 4 hadi 5. Mtoto akibeba miwili hapaswi kuzidi kilo 10. Shingo ya kijana bado inakomaa, na mzigo huu, kama tutakavyoona, unakaa shingoni.

Wenzetu hapa hubeba kuni na ndoo juu ya kichwa, kata ikiwa katikati. Voyageurs walitumia ukanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, kama mama wa Kikuyu anavyobeba kuni. Ukanda wenyewe ulikuwa na sehemu tatu: kipande kipana cha katikati, kama sentimita 7 au 8, na kamba mbili ndefu za kufungia mzigo. Urefu wote ulifika karibu mita 5. Kwa shule, tumia mikanda ya turubai inayouzwa sokoni kwa kufungia mizigo ya magari, halafu kushonea kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara nne pale panapogusa kichwa. Kamba ya plastiki isitumike. Inateleza, na ikikaza inakata ngozi.

Namna ya kuuvaa:

1. Funga mzigo wa kwanza kwa kamba mbili, fundo likae upande wa mgongo wa mbebaji, si upande wa nje.
2. Chuchumaa na kuupa mzigo mgongo, uvute hadi ukae kiunoni, juu kidogo ya makalio.
3. Weka kipande kipana pale nywele zinapoanzia. Kikishuka hadi katikati ya paji, mzigo ukicheza kinateleza mpaka machoni na shingo inarushwa nyuma. Hili ndilo kosa la kwanza la kila anayejaribu.
4. Mwenzako aweke mzigo wa pili juu ya wa kwanza, katikati ya mabega. Haufungwi, unakaa kwa uzito wake.
5. Inama mbele kuanzia kiunoni, shingo ikibaki katika mstari mmoja na uti wa mgongo. Tembea kwa hatua fupi za haraka, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo.

Anayetembea wima atavutwa nyuma. Anayegeuza kichwa kumtazama mwenzake ataumia shingo, kwa hiyo anayetaka kusema na mtu ageuke mwili mzima. Mtoto akilalamika kufa ganzi kidoleni au kuumwa kichwa, vua mkanda hapohapo, asibebe tena siku hiyo.

Njia ya mzigo

Kati ya Montreal na Ziwa Superior kulikuwa na sehemu zaidi ya 30 ambapo mto haukupitika kwa sababu ya maporomoko. Hapo kila kitu kilitolewa mtumbwini na kuvushwa kwa miguu, mtumbwi wenyewe ukiwemo. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya Grand Portage, magharibi mwa Ziwa Superior, kilomita 14 hivi za kupanda na kushuka. Ni mbali zaidi ya kutoka Mbeya mjini hadi Uyole. Pale kila mtu alipangiwa mizigo minane. Waache wanafunzi wapige hesabu wenyewe: mizigo minane, miwili kwa mpigo, ni safari nne za kwenda na tatu za kurudi mikono mitupu. Mara kilomita 14, zinakuja 98.

Hawakuibeba moja kwa moja hadi mwisho. Njia iligawanywa kwa vituo, kila kimoja mita mia kadhaa. Wote walipeleka mizigo ya kwanza hadi kituo cha kwanza, wakaitua, wakarudi kuchukua iliyobaki, na ikikamilika yote ndipo walipoanza kwenda kituo cha pili. Mwanafunzi mwepesi ataona kuwa ni kupoteza muda. Mweleze sababu mbili. Mwili unapumzika wakati wa kurudi mtupu, na mali haiachwi mbali bila macho ya mtu.

Pima mita 300 kwenye uwanja au njia ya shambani isiyo na utelezi, weka vituo vitatu vya mita 100. Fanya zoezi mara mbili. Mara ya kwanza kila mtumbwi ubebe bila vituo, kila mtu akienda hadi mwisho na kurudi. Mara ya pili kwa vituo. Tumia saa, andika muda wa kila kundi, halafu uliza ni lini walihema zaidi. Muda hautatofautiana sana, lakini miguu itatoa jibu. Tukuyu na Rungwe, ambako udongo hauchelewi kulowa, zoezi hili lifanywe Julai au Agosti, vinginevyo watoto wataanguka na mizigo.

Usiwafiche yaliyowapata watu hawa. Wengi waliokufa kazini walikufa kwa kuzama, na wengi hawakujua kuogelea. Ugonjwa mwingine wa kutisha ulikuwa ngiri iliyobanwa, utumbo ukitoka kwenye upenyo wa tumbo kwa sababu ya kuinua kupita kiasi na kunyongwa hapohapo. Hakukuwa na daktari wa kupasua msituni. Misalaba ilisimikwa kwenye kingo za maporomoko, na waliopita walivua kofia.

Mtumbwi uliochorwa kwa chokaa

Hatuna mti wa birch, ambao gome lake lilitengenezewa mitumbwi hiyo, wala hakuna haja ya kuutafuta. Mtumbwi mkubwa wa Montreal ulikuwa na urefu wa karibu mita 11 na upana wa mita 1.8 katikati. Mchore uwanjani kwa chokaa, ncha zote mbili zikichongoka. Kisha kusanya maboksi matupu 65 ya sabuni au mafuta ya kula. Wenye maduka wa Mwanjelwa au soko lolote la mji watakupa ukiwaomba mapema.

Kwa nini 65? Alexander Mackenzie, mfanyabiashara wa manyoya, aliacha orodha ya kilichopakiwa katika mtumbwi mmoja: watu wanane hadi kumi na mizigo yao binafsi, mafurushi 65 ya bidhaa, biskuti ngumu karibu kilo 300, nyama ya nguruwe karibu kilo 100, njegere kavu vipimo vitatu ambavyo ni kama lita 105, maturubai mawili, tanga, shoka, kamba ya kuvutia, sufuria moja, sponji ya kukaushia maji, na utomvu, magome na nyuzi za mizizi kwa ajili ya matengenezo. Sufuria moja kwa watu kumi. Wasomee orodha hiyo polepole huku wakipanga maboksi ndani ya mchoro, halafu waambie watu kumi waingie na kukaa.

Hawatatosha kirahisi, na hapo ndipo penye somo. Wenye miguu mifupi walipendwa kwa kazi hii, maana mrefu hakuwa na pa kuweka magoti. Mtumbwi ukishajaa, ukingo wake ulibaki sentimita 15 tu juu ya maji. Chini waliweka fito ndefu ili uzito usitoboe gome, na kamwe hawakuuburuta mchangani. Waliruka majini, maji yakiwa ya barafu iliyoyeyuka juzi, wakapakia na kupakua mtumbwi ukielea. Mvuvi wa Matema anayesukuma mtumbwi wake wa gogo hadi ufukweni asingeweza kufanya hivyo kwa gome.

Wapange nafasi zao. Wa mbele kabisa ndiye msoma maji: anatazama mawe, anaamua njia. Wa nyuma anasimama na kasia refu, anaelekeza. Hawa wawili walilipwa zaidi ya wa katikati, ambao kazi yao ilikuwa nguvu na mdundo.

Utomvu

Gome lilishonwa kwa nyuzi za mizizi, na mishono ilizibwa kwa utomvu wa miti ya jamii ya misonobari. Sehemu hii Mufindi na Njombe mnaiweza kuliko mtu yeyote. Omba ruhusa ya mwenye shamba, chukua utomvu uliokwishaganda kwenye majeraha ya miti, nusu kilo inatosha. Usikate mti mpya.

Yeyusha kwenye kopo kuukuu juu ya makaa, kamwe si juu ya moto wa ndimi, kwa sababu mvuke wake unawaka. Mtu mzima ndiye afanye. Chuja takataka kwa kitambaa cha gunia. Ongeza mafuta ya ng'ombe, kijiko kimoja kwa kila vijiko kumi vya utomvu, na unga wa mkaa kidogo. Jaribu: chovya kijiti, kitumbukize kwenye maji baridi, kikunje. Ukipasuka kama kioo, mafuta hayatoshi. Ukibonyea na kunata vidoleni, mafuta yamezidi, rudisha utomvu. Siku ya baridi huhitaji mafuta zaidi kuliko siku ya jua, ndiyo maana voyageurs walichanganya upya kila mara na kuziba mitumbwi karibu kila jioni. Ziba tundu kwenye debe bovu, ujaze maji, uone.

Mahindi ya majivu

Wapagazi waliotoka Montreal na kurudi mwaka uleule waliitwa na wenzao "walaji wa mafuta ya nguruwe". Chakula chao cha kila siku kilikuwa njegere au mahindi yaliyomenywa kwa majivu, karibu lita moja ya mahindi kwa mtu, na mafuta gramu 30 hadi 60. Basi. Sisi wa kande tutayaelewa mahindi haya haraka, ila badala ya kukoboa kwenye kinu, ganda linatolewa kwa maji ya majivu. Elimu hiyo ni ya wenyeji wa Amerika, kama ilivyo elimu ya mtumbwi, ya njia na ya utomvu. Mwambie mwanafunzi wazi kwamba bila Waojibwe, Wakrii na mataifa mengine ya pale, hakuna voyageur ambaye angefika popote.

Kwa watu 24:

Mahindi meupe makavu kilo 4. Majivu yaliyochekechwa lita 2 na nusu. Maji lita 10. Mafuta gramu 250. Chumvi kwa hiari yako, wao mara nyingi hawakuwa nayo.

Majivu yawe ya mti mgumu; ya muwati wa Njombe ni mazuri sana. Ya msonobari ni dhaifu. Majivu ya mbao zenye rangi, misumari au plastiki yatupwe, ni sumu. Na jambo kubwa kuliko yote: usitumie sufuria ya kawaida ya alumini. Maji ya majivu yanaila alumini, sufuria inatoka weusi na weusi huo unaingia chakulani. Tumia chungu cha udongo, sufuria ya stili au ya chuma.

Koroga majivu na maji, chemsha, tia mahindi. Baada ya muda yatageuka rangi kuwa ya njano, na maji yatakuwa ya utelezi kama sabuni. Usiguse kwa mkono mtupu, vaa glavu, na watoto wasiinamie mvuke. Baada ya muda wa saa moja na nusu toa punje chache, zisuuze, zisugue: ganda likivuka lenyewe, epua. Likigoma, endelea hadi zitimie saa tatu za kuchemsha. Likigoma hata hapo, majivu yalikuwa dhaifu, ongeza nusu lita.

Mwaga maji mbali na bustani. Tia mahindi kwenye tenga, sugua kwa nguvu chini ya maji yanayotiririka, suuza angalau mara tano hadi utelezi uishe kabisa. Usiposuuza vya kutosha ladha itakuwa ya sabuni na matumbo yatalalamika. Kisha chemsha upya kwa maji safi kwa muda wa saa mbili hadi tatu mpaka punje zipasuke, tia mafuta mwishoni.

Majivu yanafanya zaidi ya kutoa ganda. Yanaifungua niasini, vitamini iliyofungwa ndani ya hindi, na watu walioishi kwa mahindi pekee bila njia hii waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini. Kuhusu mafuta, darasa likiwa na Waislamu tumia ya ng'ombe kwa wote. Sufuria moja, kama wao.

Pemikani

Waliokaa bara msimu wa baridi waliwadharau hao walaji wa mafuta. Wao walikula pemikani, nyama kavu ya nyati wa Amerika iliyotwangwa na kuchanganywa na mafuta yake, nusu kwa nusu kwa uzito. Waliotengeneza hasa ni wanawake wa Kikrii na Wametisi (watu wa asili mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu), na mfuko mmoja ulikuwa na kilo 41 zilezile.

Anza siku nne kabla. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta kilo 4, ikate vipande vya unene wa milimita 5. Mafuta yanayobaki kwenye nyama ndiyo yanayooza kwanza, kwa hiyo yaondoe yote. Anika juu ya kamba chini ya chandarua, Juni hadi Agosti, usiku ingiza ndani. Maliza kwenye oveni au juu ya makaa mpaka ikikunjwa inakatika. Utapata kama kilo 1.2. Itwange kwenye kinu iwe nyuzi za vumbi. Yeyusha mafuta ya figo kilo 1.2 kwa moto mdogo hadi mapovu yaishe, dalili kwamba maji yametoka. Yakipoa kiasi cha kuvumilika kidoleni, changanya, shindilia. Ukungu ukitokea, nyama haikukauka. Tupa yote. Kila mtoto apate gramu 100.

Ratiba

Wao waliamka saa tisa usiku au kabla, wakapiga kasia kwa muda wa saa tatu au nne ndipo wakala. Ninyi anzeni saa kumi na mbili asubuhi kwa kubeba, na chakula kisiguswe hadi saa tatu. Baridi ya Juni ya Makambako au Kitulo itasaidia.

Kasia zilipigwa mara 45 hadi 55 kwa dakika. Chonga makasia ya mbao yenye urefu wa mita 1.4, ubapa usizidi sentimita 10, kwa sababu ubapa mpana unachosha kwa mdundo huo. Wakae kwenye mchoro wa chokaa, msaidizi mmoja ahesabu kwa saa, na wimbo ubebe mdundo. Walioimba walikuwa wakipokezana, mmoja anaanza, wengine wanaitikia, kama nyimbo za kulima za Wanyakyusa au Wahehe. Chagueni mnazozijua, wimbo mgeni utawaangusha. Kasia 50 kwa dakika kwa saa 12 ni 36,000. Ninyi pigeni kwa dakika kumi tu.

Kila baada ya saa hivi walisimama kuvuta kiko, na ukubwa wa ziwa ulihesabiwa kwa idadi ya viko. Kwenu iwe dakika tano za maji na kukaa.

Wa Kyela mnaweza kumalizia majini Matema, kwa mitumbwi ya wavuvi, jaketi la kuokolea kwa kila mtoto, mbali na midomo ya mito yenye mamba, na kabla ya saa nne asubuhi. Mwera ukianza kuvuma, tokeni. Voyageurs nao walivuka maziwa makubwa alfajiri kwa sababu hiyohiyo, na siku za upepo walikaa ufukweni wakisubiri.

Mkilala kambini, egemezeni turubai kwenye mti mlalo, maana wao walilala chini ya mtumbwi uliopinduliwa ubavu, blanketi moja kwa mtu. Sufuria ya mahindi ya kesho inawekwa motoni usiku huohuo, na mmoja anabaki macho kukoroga isiungue chini.